Maneno ya Sheria na Ulinzi wa Watumishi wa Makandarasi wa Majeshi ya Marekani, 1950–2022

Mtu ashtakiwapo kwa kumbaka mwenziwe, swali la kwanza katika nchi nyingi ni kama kosa lilitendeka. Kwa raia waliopelekwa nchi za nje na makandarasi wa majeshi ya Marekani, swali hilo lilitanguliwa kwa muda mrefu na jingine: ni mahakama ipi iliyo na mamlaka ya kuuliza? Ukichunguza sheria zilizotungwa tangu 1950, waona kwamba jibu lilitegemea upana wa mafungu machache ya maneno kuliko uzito wa kosa lenyewe.

Yafaa kwanza jina lenyewe lielezwe. Katika Kiswahili mkandarasi ni yule aliyetwaa kazi kwa mapatano. Mtu aliyeajiriwa naye kupika, kuendesha lori au kulinda lango ni mtumishi wake. Katika matumizi ya Wamarekani jina moja huchukua wote wawili, kampuni na mtumishi. Hapana budi kuwatenga, kwa kuwa katika mashauri ya namna hii masilahi yao mara nyingi hupingana.

Kanuni za kijeshi za 1950 ziliweka chini ya mahakama za kijeshi watu wote walioajiriwa na majeshi, au walioandamana nayo, nje ya Marekani. Fungu hilo lilikuwa pana mno. Mwaka wa 1957, katika shauri la Reid v. Covert, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wake wa askari walioshtakiwa kwa kuua waume zao hawakuweza kuhukumiwa hivyo wakati wa amani, kwa sababu raia ana haki ya kusikilizwa mbele ya wazee wa baraza. Mwaka wa 1960 kanuni hiyo ilienezwa kwa watumishi raia pia. Haki iliyolindwa ilikuwa kubwa, lakini hapakutungwa sheria ya kuziba nafasi iliyoachwa. Raia aliyetenda kosa kambini akawa haguswi na mahakama ya kijeshi, na mahakama za nyumbani mara nyingi hazikuwa na mamlaka juu yake. Nchi iliyokuwa na kambi iliweza kumshtaki, ila ikiwa haikutaka au haikuweza, shauri lilikufa.

Kulibaki fungu la pili: raia walioandamana na jeshi “wakati wa vita”. Mwaka wa 1970 mahakama ya rufani ya kijeshi, katika shauri la mtumishi wa mkandarasi huko Vietnam, ilieleza kwamba vita maana yake ni vita vilivyotangazwa rasmi na Bunge. Vya Vietnam havikutangazwa kamwe. Hivyo mahali palipokuwa na mamia ya maelfu ya askari pakahesabiwa kisheria kuwa hapana vita. Fungu hilo halikurekebishwa mpaka 2006, lilipoongezewa operesheni za dharura za kijeshi.

Pengo hilo lilidhihirika zaidi mwaka wa 2000. Raia mmoja wa Marekani, aliyekaa Ujerumani na mkewe aliyekuwa askari, alikuwa amekiri kumtendea mtoto wa kambo kosa la kujamiiana. Mahakama ya rufani huko New York ilifuta hukumu, si kwa kuwa hakutenda, bali kwa kuwa sheria haikufika katika nyumba hiyo. Majaji waliagiza nakala ya uamuzi ipelekwe kwa kamati za Bunge. Mwezi wa Novemba mwaka huo ilitungwa sheria iliyowapa majaji wa Marekani mamlaka juu ya makosa mazito ya watumishi wa Wizara ya Ulinzi, na wa makandarasi wake, katika nchi za nje.

Vita vya Iraki viliijaribu sheria hiyo mapema. Mwezi wa Juni 2004 utawala wa muda uliwakinga makandarasi wa kigeni na mahakama za Iraki kwa matendo ya kazi yao, na kinga hiyo ilikoma kwa makandarasi wa Marekani mwanzoni mwa 2009. Sheria ya 2000 nayo ilitaja makandarasi wa Wizara ya Ulinzi peke yao. Mwaka wa 2004 ilipanuliwa kuwagusa wa idara nyingine, lakini pale tu kazi yao ilipoisaidia wizara hiyo.

Aliyetendewa kosa alikuwa na njia nyingine, yaani kudai fidia kwa mwajiri. Njia hiyo ilizibwa na fungu la tatu: madai “yahusuyo kazi”. Mapatano mengi ya ajira yalimtaka mtumishi apeleke madai hayo kwa mwamuzi wa faragha. Kiswahili huliita jambo hili usuluhishi, na neno hilo hupotosha. Suluhu ni pale wagomvi waridhikapo. Mwamuzi huyu hukata shauri, na nafasi ya kukata rufani ni finyu mno.

Mwaka wa 2007 mwanamke mmoja wa Kimarekani alifungua madai huko Texas, akisema kwamba mwaka wa 2005 alibakwa na watumishi wenzake chumbani mwake, kambini Baghdad. Kampuni ilitaka shauri liende kwa mwamuzi, kwa kuwa mapatano yalitaja madhara yapatikanayo mahali pa kazi au karibu napo. Mwezi wa Septemba 2009 mahakama ya rufani iliamua kwamba madai yake manne, likiwamo la kushambuliwa, hayakuhusu kazi. Shauri lilisikilizwa hadharani Houston, na mwaka wa 2011 wazee wa baraza waliyakataa madai yake. Matokeo hayo hayapunguzi maana ya uamuzi wa kwanza: pande zote mbili zilisikilizwa kwa viapo na ushahidi, na hilo ndilo lililogombewa.

Mwezi wa Oktoba 2009 Seneti ilipitisha pendekezo la Al Franken kwa kura 68 dhidi ya 30. Makandarasi wa ulinzi wenye kandarasi za zaidi ya dola milioni moja walikatazwa kuwalazimisha watumishi kwenda kwa mwamuzi katika madai ya namna hii, na madai yenyewe yakatajwa moja moja kwa jina. Sheria ya Machi 2022 iliwapa watumishi wa Marekani kwa jumla haki ya kuchagua mahakama.

Hata hivyo kambi hizo hazikuwa za Wamarekani peke yao. Maelfu ya Waganda walilinda malango ya kambi za Iraki, na Wakenya nao walikuwako. Sheria ya 2009 haigusi mapatano ambayo hayawezi kutekelezwa katika mahakama za Marekani. Basi wanawake wawili waweza kulala chini ya paa moja, mmoja akalindwa na maneno ambayo hayamfikii mwenziwe. Kwa hiyo mapatano ya ajira yatafsiriwapo kwa Kiswahili, “usuluhishi” usiandikwe mahali penye uamuzi usiorudishwa, wala “mahali pa kazi” pasiachwe bila mpaka. Atiaye sahihi ana haki ya kujua, kabla hajasafiri, ni mlango upi anaoufunga.