Ramani za kale na historia ya familia Busi

Busi ni kata ya Wilaya ya Kondoa katika Mkoa wa Dodoma, Tanzania. Kama kwingineko wilayani humo, familia zinazotafuta asili ya mababu huanza na masimulizi ya wazee, kisha huyalinganisha na ramani za kale na kumbukumbu za ardhi.

Ramani za zamani za kutegemewa ni zile za Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, za kipimo cha 1:300,000, zilizochapishwa Berlin na Dietrich Reimer. Wakati huo wilaya iliitwa Kondoa-Irangi, jina litokanalo na Warangi. Majina yameandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, hivyo ni vema kuyasoma kwa sauti kabla ya kukata tamaa. Tena, mara nyingi wachora ramani waliandika jina la jumbe aliyewapokea badala ya jina la mahali. Jambo hili huwapotosha wanajiografia, lakini kwa mtafuta ukoo ni bahati, maana huenda jumbe huyo ni babu wa mtu.

Baada ya uhuru zilipatikana ramani za 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege. Hizi huonyesha njia, mito na makazi yaliyotawanyika kabla ya watu kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilifuta makazi mengi ya namna hiyo. Jina la kitongoji likabaki vinywani mwa wazee na kwenye karatasi tu. Makaburi yaliyoachwa porini hutafutwa kwa kufuata kijito au kilima kilichomo katika ramani.

Hati za ardhi ni chache. Wakulima walimiliki kwa mila, bila maandishi. Nyaraka za wakoloni zilihusu zaidi misheni, walowezi na viwanja vya wafanyabiashara mjini. Orodha za kodi, iliyoanza kutozwa kwa kila kibanda mwaka 1898, zikipatikana huwa na manufaa kuliko hati. Nyaraka za Kijerumani na za Kiingereza hutunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Ifahamike kwamba kuona shamba la babu katika ramani si kulirudishiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa katika operesheni kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Wapo wanaofika na ramani kwenye baraza la ardhi la kijiji wakitaka waliopo waondoke, na udugu ukavunjika bure. Kwa upande mwingine, familia inayoomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba inalolitumia hunufaika ikijua mipaka ya zamani na majina ya majirani waliotangulia.