Kilichobaki Baada ya Beacon: Data Binafsi na Matangazo Lengwa katika Facebook, 2007–2023

1.0 Utangulizi

Historia ya matangazo lengwa katika mitandao ya kijamii husimuliwa mara nyingi kama mfululizo wa kashfa: kampuni hukosea, umma hulalamika, kampuni huomba radhi, hatimaye sheria hutungwa. Insha hii inajenga hoja tofauti kwa kuifuatilia kampuni ya Facebook, ambayo tangu mwaka 2021 inaitwa Meta. Inadaiwa hapa kwamba kila kashfa ilirekebisha namna data ilivyoonekana na watu wengine au ilivyotoka nje ya kampuni, ilhali ukusanyaji wenyewe uliendelea. Kwa kawaida mtangazaji hakabidhiwi majina ya watu. Huuziwa fursa ya kuwafikia watu wenye sifa fulani, na kampuni hubaki na ujuzi wa nani ana sifa hizo. Kwa hiyo, kuzuia data isitoke hakuidhoofishi biashara hiyo. Huweza hata kuilinda.

2.0 Kutoka Beacon hadi kitufe cha Like

Tarehe 6 Novemba 2007, jijini New York, Facebook ilizindua mfumo wake wa matangazo pamoja na huduma iliyoitwa Beacon. Mtumiaji aliponunua bidhaa katika mojawapo ya tovuti washirika, taarifa ya ununuzi ilipelekwa Facebook na kutangazwa kwa marafiki zake. Mnunuzi mmoja nchini Marekani alinunua pete ili amshtukize mkewe. Habari ikamfikia mke kabla ya pete yenyewe. Mwanzilishi wa kampuni, Mark Zuckerberg, aliomba radhi Desemba 2007, na mwaka 2009 Beacon ikafungwa kufuatia suluhu ya kesi iliyogharimu dola milioni 9.5.

Kilichowaudhi watu zaidi ni kuonekana na marafiki. Hata hivyo, wakati huohuo uchunguzi wa kitaalamu ulibaini kwamba taarifa zilifika katika kampuni hata pale mtumiaji alipokuwa ametoka kwenye akaunti yake. Jambo hili la pili ndilo lililodumu. Mwezi Aprili 2010 kitufe cha Like kilianza kuwekwa katika tovuti nyingine. Ukurasa wenye kitufe hicho ulipofunguliwa, kivinjari kiliwasiliana na seva za Facebook hata kama msomaji hakukibonyeza. Mwaka 2012 watangazaji waliruhusiwa kuleta orodha za barua pepe na namba za simu za wateja wao ili zioanishwe na akaunti. Mwaka uliofuata wakaweza kutafutiwa watu wanaofanana na wateja hao. Mwezi Juni 2014 kampuni ilitangaza kwamba ingetumia taarifa za tovuti na programu zilizotembelewa nje ya Facebook katika kulenga matangazo. Kiini cha Beacon kikawa kimerejea, bila ile sehemu iliyozua malalamiko.

3.0 Kashfa ya mwaka 2018

Mkondo huohuo unajitokeza katika kashfa ya Cambridge Analytica iliyolipuka Machi 2018. Watu wapatao 270,000 walikuwa wamejiunga na programu ya maswali ya haiba. Kupitia marafiki zao, idadi ya walioathirika ilikadiriwa kufikia milioni 87. Kenya iliguswa moja kwa moja: katika rekodi za siri zilizorushwa na Channel 4 ya Uingereza, kiongozi mmoja wa Cambridge Analytica alidai kwamba kampuni yake ilishiriki katika kampeni za urais za mwaka 2013 na 2017.

Kosa lilielezwa hasa kama uvujaji, na tiba ikawa kubana kile ambacho programu za nje zingeweza kuchukua. Julai 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5. Mwaka huohuo matangazo yaliiingizia kampuni takriban dola bilioni 69.7, yaani karibu asilimia 98 ya mapato yake yote. Data haikuvuja tena kwa njia ile. Ilibaki ndani, mahali inapozalisha faida.

4.0 Ridhaa na uwezo wa kukataa

Afrika Mashariki ilijibu kwa sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, ambayo kifungu chake cha 37 kinadai ridhaa bayana kabla ya data kutumika kibiashara. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini ridhaa huwa na maana pale tu mtu anapoweza kukataa. Tangu mwaka 2014, katika nchi zote mbili, Facebook ilifikishwa kwa watu kupitia kampuni za simu bila wao kununua bando. Kwa mtumiaji wa namna hiyo, kukataa masharti kulimaanisha kupoteza mlango aliofunguliwa bure.

Ulaya ilifika mbali zaidi. Januari 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza Meta faini ya yuro milioni 390, ikikataa hoja kwamba mkataba wa kutumia huduma unatosha kuhalalisha matangazo yanayotokana na mienendo ya mtu. Novemba mwaka huo kampuni ikawapa watumiaji wa Umoja wa Ulaya, wa nchi jirani za Eneo la Uchumi la Ulaya na wa Uswisi chaguo: kulipa ada ya kila mwezi au kukubali matangazo hayo. Mtumiaji wa Nairobi au Mwanza hakuwamo katika chaguo hilo.

5.0 Hitimisho

Miaka 16 iliyochunguzwa inaonesha kwamba faragha ililindwa zaidi dhidi ya rafiki, jirani na mwizi wa data kuliko dhidi ya mkusanyaji mwenyewe. Sheria za Afrika Mashariki zimekwishataja ridhaa. Kipimo chake cha kihistoria kitakuwa kama mtu wa kawaida ataweza kukataa kufuatiliwa na bado akabaki katika mazungumzo ya ndugu zake, wateja wake na raia wenzake.