Soketi ya ubavuni

Wadau, leo tuache historia ya vita, tuongelee soketi. Jikoni kwa Wamarekani wengi kuna meza iliyojengewa katikati, wenyewe wanaiita kisiwa. Kwa miaka mingi soketi yake iliruhusiwa kukaa ubavuni, hadi inchi 12 chini ya uso wa meza. Inapendeza machoni, lakini waya wa sufuria ya umeme unaning'inia pale pale mkono wa mtoto unapofika. Akiuvuta, mafuta ya moto yanammwagikia. Mwaka 2020 kanuni za umeme za nchi hiyo ziliongeza idadi ya soketi kulingana na ukubwa wa meza. Toleo la 2023 likageuka, likapiga marufuku za ubavuni. Kigeugeu, ila safari hii nawaunga mkono. Nyumba za zamani bado zinazo.