Ukiachwa au Ukitaka Kuachwa: Maswali ya Mali na Sheria

Maswali ya talaka ninayoletewa na wasomaji yanafanana. Mtu akishamaliza kueleza magomvi, anafika kwenye jambo lenyewe: nyumba itakuwa ya nani, mahari iliyobaki italipwa lini, watoto watalishwa na nani, na lile deni la sacco nililomdhamini mwenzangu litanifuata mpaka lini? Mimi si wakili wala si sheikh. Lakini nimeyafuatilia mambo haya kwa muda, na majibu mengi yako wazi kuliko tunavyodhani. Yanategemea zaidi mambo mawili: ni talaka ya aina gani, na ilitoka tarehe ngapi. Na huku kwetu Pwani, mambo hayo mawili ndiyo watu hawayaandiki.

Twende kwa kadhi au kwa hakimu?

Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inampa kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kwa sharti kwamba wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mambo yao yaamuliwe huko. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inasema ndoa ya Kiislamu huvunjwa kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hivyo kama mlifungishwa nikaha, njia yenu ni kwa kadhi. Kama mlifunga ndoa ya serikali kwa msajili, hata mkiwa nyote Waislamu, muulize wakili kabla ya kufungua faili, msije mkapoteza miezi kwenye korti isiyo yenu.

Kabla ya lolote, tafuta cheti cha ndoa. Wapo walioozeshwa msikitini miaka 20 iliyopita na hawana karatasi yoyote. Kwenu nyinyi, kazi ya kwanza ni kuithibitisha ndoa yenyewe: walii alikuwa nani, mashahidi wawili ni akina nani, mahari ilikuwa kiasi gani. Fanyeni hivyo wakati mashahidi bado wako hai.

Aina ya talaka ndiyo inayoamua pesa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza haki zao.

Mume akimwacha mkewe talaka moja au mbili baada ya kumwingilia, na talaka hiyo si kwa fidia, hiyo ni talaka rejea. Mke anakaa eda, na wakati wote wa eda bado anastahili makazi na matumizi. Suratu At-Talaq imekataza kumtoa mwanamke nyumbani wakati huo, na imemkataza yeye naye kutoka. Mtindo wetu wa kumfungia mtu nguo kwenye shangazi kaja na kumrudisha kwao usiku huohuo ni mila tuliyojitungia wenyewe. Mahari iliyokuwa haijalipwa inakuwa deni la kulipwa kamili. Ikiwa talaka imetoka kabla ya kuingiliana, na mahari ilikuwa imetajwa, mke anastahili nusu yake, na hana eda.

Juu ya mahari kuna mut'a, yaani kitu anachopewa mwanamke aliyeachwa cha kumliwaza. (Si ile ndoa ya muda, majina yanafanana tu.) Imetajwa katika Suratul Baqara, na kiasi chake hufuata uwezo wa mume. Wanawake wengi hawajui kwamba wanaweza kuiombea kwa kadhi. Vilevile matumizi ya mke ambayo mume hakuyatoa ndoa ikiwa ingali hai, katika madhehebu yetu ya Shafi, yanabaki deni shingoni mwake. Ukiyadai, nenda na hesabu: miezi mingapi, kodi kiasi gani, chakula kiasi gani.

Khului ni jambo jingine. Huko mke ndiye anayejikomboa, kwa kurudisha mahari au kitu walichokubaliana, na akishatoka hakuna rejea isipokuwa kwa nikaha mpya. Ni haki aliyopewa mwanamke, na kwa mke ambaye mumewe hana kosa ila yeye hamtaki tena, ni njia ya uadilifu. Tatizo ni kwamba imegeuzwa biashara. Mume hatoi matumizi mwaka mzima, hatoi talaka, anasubiri mke achoke aseme mwenyewe, "Basi, chukua mahari yako." Mke anatoka mikono mitupu, na familia yake inamshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Mwanamke wa namna hiyo hakuhitaji khului. Alihitaji fasakhi, yaani kadhi mwenyewe kuivunja ndoa kwa sababu ya kosa la mume: kukosa matumizi, kutoweka muda mrefu, kumpiga na kumdhuru. Katika fasakhi ya sababu kama hizo, ndoa ikiwa imeshaingiliwa, mke hanunui uhuru wake na mahari yake haipotei. Inahitaji ushahidi na inachukua muda zaidi. Lakini kabla hujakubali kurudisha hata shilingi, muulize kadhi au wakili swali hili moja: kwa haya niliyofanyiwa, je, sina haki ya fasakhi? Na kama unapigwa, Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kuomba amri ya korti ya kukulinda hata kabla ya mambo ya talaka kuanza.

Amenitumia talaka kwa WhatsApp. Nifanye nini?

Usiufute ujumbe. Kama ni sauti, ihifadhi na mtumie mtu mwingine unayemwamini, kisha nenda kwa kadhi aamue kama talaka imepita na ni ya ngapi. Usiache jambo hili likae hewani, kwa sababu tarehe ya talaka ndiyo inayoanzisha eda. Na eda, kwa mwanamke anayeona siku zake, ni tohara tatu. Kwa asiyeona, miezi mitatu ya mwezi mwandamo. Kwa mja mzito, mpaka ajifungue.

Tarehe hiyo ina uzito wa pesa pia. Mume akifa mke akiwa bado ndani ya eda ya talaka rejea, mke huyo anarithi, na anaanza eda ya kufiwa ya miezi minne na siku kumi. Mke akifa, mume anarithi. Eda ikishakwisha, hakuna anayemrithi mwenzake. Hebu fikiria familia mbili zinagombana juu ya kiwanja, na hakuna hata mmoja anayeweza kuonyesha talaka ilitoka mwezi gani. Karatasi ya talaka yenye tarehe, iliyosajiliwa, ingelimaliza kesi kwa nusu saa.

Nyumba na mali tulizochuma

Katika fiqhi, kila mmoja anamiliki chake. Mshahara wa mke ni wa mke, dhahabu aliyopewa ni yake, na Suratun Nisaa imemkataza mume anayeacha kurudisha alichompa mkewe, hata kiwe kingi vipi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 kwa upande wake inasema mali ya ndoa hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na mchango si pesa tu: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara na kulima shamba vyote vimo. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja; kila mtu athibitishe alichochangia.

Je, Mwislamu anafuata ipi? Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinasema Mwislamu anaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Neno hilo "anaweza" limezaa mabishano mengi mahakamani. Ushauri wangu ni huu: kama mali ni kubwa, zungumza na wakili anayezijua korti zote mbili kabla ya kufungua kesi yoyote. Popote utakapokwenda, swali litakuwa lilelile la ushahidi.

Chukua mfano ambao kila mtaa wa Mombasa, Kwale na Kilifi unaujua. Mke amekwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Miaka minne anatuma pesa, mume anajenga kwenye kiwanja cha baba yake. Mke anarudi, anakuta mlango una kufuli jingine. Korti itauliza: zile pesa zilikuwa hiba, mkopo, au mlikuwa mnajenga kwa shirika? Kama zilikuwa hiba, ameshatoa. Kama ni mkopo au shirika, ana cha kudai, na sheria ya 2013 pia inamtambua mwenza aliyechangia kuiendeleza mali ambayo si ya ndoa: anapata haki yenye thamani ya alichotia. Lakini aonyeshe. Risiti za kutuma pesa, taarifa za M-Pesa za miaka hiyo, picha za ujenzi, ujumbe ambamo mume anasema "simiti imefika, tuma za mabati." Enyi mlioko Gulf leo, andikeni katika ujumbe pesa ni za nini kila mnapotuma. Kumwamini mume hakukatazi kuandika. Deni ndugu kwa ndugu tumeamrishwa tuliandike.

Kuna jambo la Pwani tupu ambalo vitabu vya sheria vya bara havilijui vizuri: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yenu, kiwanja ni cha mtu mwingine, mnalipa kodi ya kiwanja. Hapo hakuna hati miliki yenye jina la yeyote kati yenu. Kinachogawanywa ni jengo, na ushahidi ni mkataba wa kununulia, risiti za kodi ya kiwanja zina jina la nani, na mashahidi. Kama mke ndiye anayelipa kodi hiyo, risiti zitoke kwa jina lake kuanzia mwezi huu.

Ukiwa na hofu kwamba mwenzako atauza kiwanja chenye hati kabla kesi haijaisha, unaweza kuomba zuio liandikwe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi. Vilevile nyumba mnayoishi haiwezi kuwekwa rehani benki kihalali bila idhini ya mwenza. Ukiletewa fomu uitie sahihi "ni kawaida tu ya benki", soma kwanza.

Madeni

Hili ni fupi, na ni baya. Talaka haikutoi kwenye udhamini. Ulimdhamini mume au mke katika sacco, utabaki mdhamini mpaka deni liishe au sacco ikubali mdhamini mwingine. Mkopo wa simu uliochukuliwa kwa laini yako ni wako, hata kama aliyetumia pesa ni yeye. Badilisha nambari za siri siku hiyohiyo. Na kama ulisajiliwa SHA chini yake, shughulikia usajili wako mwenyewe kabla hujaugua.

Watoto

Ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa upande wa dini, mama ana haki ya kwanza ya malezi mtoto akiwa mdogo, mpaka umri wa kupambanua, kama miaka saba, kisha kwa Shafi mtoto huchaguzwa. Lakini matumizi ni juu ya baba popote mtoto alipo. Nasema hivi kwa sababu kuna akina baba wanaosema, "Aliyetaka watoto awalishe." Malezi na matumizi ni mambo mawili mbalimbali, kukosa kimoja hakuondoi kingine. Nao akina mama wanaomficha mtoto mpaka pesa zije wanajidhuru, maana korti huangalia maslahi ya mtoto, na kumnyima baba kumwona mwanawe huandikwa dhidi yako.

Dai la matumizi ya watoto halingoji talaka iishe. Linaweza kupelekwa Korti ya Watoto, iliyo chini ya mahakimu. Nenda na vyeti vya kuzaliwa, karatasi za ada ya shule na madrasa, risiti za hospitali, na chochote kinachoonyesha kipato cha baba. Kama ni mvuvi au wa bodaboda na hana karatasi ya mshahara, shahidi anayejua kazi yake atasaidia.

Tukimaliza kwa wazee je?

Bora. Qur'ani imeagiza msuluhishi mmoja kutoka kwa kila upande, na mambo mengi hayana haja ya kufika kortini. Ila makubaliano ya barazani yasiyoandikwa hayamlazimishi mtu. Yaandikeni: kiasi gani kwa mwezi, tarehe gani, nani analipa ada, vyombo vipi vinabaki kwa nani. Watie sahihi wote wawili na mashahidi, kisha muombe kadhi ayafanye amri ya korti. Hapo asiyelipa anaweza kufuatwa.

Na kama uamuzi wa kadhi hukuridhika nao, rufaa huenda Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili hukaa pamoja na jaji kumshauri. Muda ni siku 30, kwa hivyo omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa. Asiye na pesa za wakili aanzie FIDA, Kituo cha Sheria au MUHURI, ambao wote wana ofisi Mombasa, au aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Nenda na cheti cha ndoa, kitambulisho, karatasi ya talaka kama ipo, na nakala za risiti. Zile asili ziache kwa mamako.