Hakimu wa Dodoma na Ngonjera za Tukuyu

Waliosoma shule za msingi za Tukuyu na Rungwe nzima enzi za Ujamaa wanaijua picha hii: watoto wamepangwa makundi mawili mbele ya mgeni rasmi, wanajibizana kwa mashairi, na mvua inanyemelea kutoka Mlima Rungwe. Hizo ndizo ngonjera. Aliyezianzisha hakutoka huku kwenye migomba na chai. Alikuwa Mgogo wa nchi kame, tena mtumishi wa serikali, Mathias Mnyampala.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Dodoma. Alifundisha, akawa karani, kisha liwali, kisha hakimu. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia na mila za Wagogo, na mwaka 1963 Diwani ya Mnyampala. Mkristo wa bara, aliyekulia katika Kigogo, akavimudu vina na mizani vya watu wa pwani. Kwangu mimi hilo ndilo la ajabu zaidi, na Mnyakyusa wa huku Rungwe anayetunga kwa Kiswahili leo anapita njia hiyohiyo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifafanue kwa wananchi. Mnyampala, kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, akaupandisha ushairi jukwaani kwa ngonjera. Upande mmoja haujui au hautaki, wa pili unaeleza, mwisho wote wanaafikiana. Ni kama kesi mbele ya hakimu, ila hukumu imekwishaandikwa.

Huko China ya kale, Bai Juyi (772–846) naye, kama Mnyampala, alikuwa mshairi na ofisa. Mashairi yake yalipeleka kilio cha mkulima aliyelemewa na kodi kwa wakubwa, yakamzalishia maadui. Mwaka 815 alishushwa cheo na kupelekwa Jiangzhou, mbali na mji mkuu, ingawa baadaye alipewa ugavana wa Hangzhou. Ngonjera zilisafiri kinyume chake, kutoka Ikulu kushuka kijijini. Ndiyo maana nyingi za waigaji wa Mnyampala zilikuwa kavu, na utamu ukabaki kwa mbishi, kabla hajakubali.

Mnyampala alifariki Juni 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, yeye akiwa kaburini. Siku hizi shuleni mada ni UKIMWI, chanjo au vyanzo vya maji, na mbishi bado anashindwa kila mara.