Choo cha kuvuta: hitilafu zake Mzumbe na katika bonde la Ngerengere

Choo cha kuvuta ni choo kinachosukuma kinyesi kwa maji ya tangi dogo au ya ndoo, kupitia bomba lililopindwa, hadi kwenye karo au mtandao wa majitaka. Pindo hilo hubaki na maji wakati wote, kwa kawaida ya kina cha sentimita 5 hivi, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu na wadudu wasirudi ndani. Alexander Cumming, fundi saa, alipata hataza ya choo chenye pindo la namna hiyo mjini London mwaka 1775. Masinki yanayouzwa leo katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, ya kukaa na ya kuchuchumaa, yanafuata mpango uleule.

Mzumbe iko upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kusini-magharibi mwa mji wa Morogoro, karibu na barabara kuu iendayo Iringa. Hapo pana Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, na pana shule ya sekondari inayojulikana nchi nzima. Taasisi hizi zimezungukwa na nyumba za kupangisha, na vyoo vya kuvuta vimeingia kwa wingi katika nyumba hizo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya watu wazima, ilihimiza kila kaya ichimbe choo cha shimo. Hicho hakihitaji bomba wala fundi wa kukiangalia. Choo cha kuvuta kinahitaji vyote viwili, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kulaumu sinki. Sinki lenyewe ni udongo uliochomwa, na likiwa halijapasuka halina cha kuharibika. Hitilafu hutafutwa kwa kufuata njia ya maji: tangi, pindo, bomba, chemba, karo, shimo la kunyonya.

Tangi

Milima ya Uluguru hushusha maji yenye mchanga na tope wakati wa masika, hasa pale miteremko ilipolimwa hadi kwenye kingo za mito. Chembe hizo zikinasa kwenye koki ya boya, koki haifungi sawasawa na maji hutiririka mchana na usiku. Maji yakikatika kisha yakarudi kwa kishindo, hubeba kutu na uchafu uliotulia ndani ya mabomba na kuuingiza palepale. Dawa yake ni kufunga maji, kufungua koki, kusafisha kiti cha raba na kubadilisha raba iliyokakamaa. Kazi hiyo haihitaji tangi jipya.

Kuvuja kimyakimya kutoka tangini kwenda kwenye sinki ni kubaya zaidi kwa kuwa hakuonekani, na kunaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Kipimo chake ni rahisi: tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute kwa nusu saa, kisha tazama sinki. Rangi ikionekana, raba ya chini imechoka. Kwa nyumba inayotegemea simtanki, kipimo hiki kifanyike kabla ya kununua maji mengine.

Kuziba

Choo kikijaa na kushuka polepole, usikimbilie waya wala dawa. Fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa tupu, kizuizi kiko kati yake na sinki. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele, upande wa karo. Dakika chache za uchunguzi huu huokoa siku nzima ya kubomoa sakafu, na inasikitisha kuona nyumba mpya zinazojengwa bila chemba hata moja.

Vinavyoziba vinajulikana: matambara, pedi, nepi, magunzi ya mahindi na karatasi ngumu. Mara nyingine lawama ni ya mjenzi. Bomba la inchi 4 linatakiwa lishuke kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Lililolazwa karibu usawa huacha kinyesi njiani, na hakuna atakayelizibua likakaa wazi kwa muda mrefu. Maji machache nayo huziba: sinki lililotengenezwa kwa tangi la lita 9 halifanyi kazi kwa kikombe kimoja. Mahali maji yanapokatika mara kwa mara, sinki la kuchuchumaa la kumwagia, linalotosheka na lita 2 au 3, ni chaguo bora kuliko la kukaa.

 

Harufu na karo

Harufu katika nyumba iliyofungwa wakati wa likizo ina sababu nyepesi: maji ya pindo yamekauka. Mimina ndoo moja. Sinki likitoa mlio wa kububujika kila linapovutwa lingine, bomba la hewa limezibwa au halikuwekwa kabisa.

Vyoo vyote vya nyumba vikigoma pamoja mwezi Aprili, tatizo liko nje. Ardhi imeshiba mvua na shimo la kunyonya halinyonyi tena, au tope la karo limepita theluthi moja ya kina na kuanza kutoka. Hapo linahitajika gari la majitaka. Mtu yeyote asiingie kwenye karo, hata kama ni tupu na limefunguliwa tangu asubuhi. Gesi ya salfaidi ya haidrojeni huua kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa pia. Vilevile usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia sinki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Karo linalofurika Mzumbe halibaki Mzumbe. Mto Mzumbe ni mmoja wa mito inayoingia katika bwawa la Mindu, chanzo kikuu cha maji ya mji wa Morogoro, na kutoka hapo mto Ngerengere huendelea hadi mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mwenye nyumba, weka chemba, chimba karo mbali na kisima na kijito, na liite gari la majitaka mwezi Februari, kabla masika hayajaanza.