Kabla ya Kupanda Treni: Kutayarisha Safari ya Kutafuta Bankambo

Jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina historia moja: nkambo alitoka kijijini, akaingia kazi ya Union Minière ao ya reli, akazaa watoto kambini, na hakurudi tena. Leo wajukuu wanataka kujua kwao. Wanakusanya feza, wanapanda treni ao kamyo, na wengine wanarudi mikono mitupu. Juu ya nini? Walifika kijijini na jina moja tu mukononi. Sisi tunaona kwamba nusu ya utafiti huu inafanyika hapa mujini, mbele ya kuondoka.

Tuanze na wazee, zaidi wamama. Karatasi za zamani zilimufuata mwanaume mwenye kazi. Ukoo wa mama, ni shangazi na mama mukubwa ndio wanaoujua. Tuwaulize majina yote, hata ya utani, maana jina linasema mengi. Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha. Lakini tujihazari: pengine mutoto alipewa tu jina la nkambo aliyekuwa pacha.

Kisha tutafute karatasi. Buku ya zamani iliandika teritware, usultani na kijiji. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinaweza kuonyesha wazazi na musimamizi wa ubatizo. Tubebe kopi, karatasi yenyewe ibaki nyumbani.

Ya tatu ni majina ya pahali na miaka. Union Minière ilianzishwa 1906, muji wa Élisabethville 1910. Reli ilifika Bukama 1918 na Port-Francqui 1928. Basi, nkambo aliyetoka Kabongo mbele ya 1918 alitembea siku nyingi kwa miguu, na pengine ndugu zake walibaki njiani. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi; Port-Francqui leo inaitwa Ilebo. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, ndiyo sababu mutu mumoja anaweza kuwa na majina mawili katika karatasi mbili. Tangu 2015 Katanga imegawanywa katika majimbo mane. Vijiji pia vilihama: serikali ya kikoloni ilivisogeza vingi kando ya barabara, na vingine viliitwa kwa jina la sultani. Kijiji kisipoonekana kwenye karte, si kusema kilikufa.

Tukifika, twende kwanza kwa sultani, tumusalimie kwa heshima na zawadi kidogo, kama chumvi na sabuni. Tusiulize muzee alizaliwa mwaka gani. Tuulize: wakati wa uhuru, 1960, ulikuwa umekwisha kuoa? Wakati wa mugomo wa Union Minière wa Desemba 1941, nkambo alikuwa ameisha kwenda kazini? Hivyo miaka inatokea yenyewe. Tena tutayarishe moyo. Mwisho wa karne ya 19, wakati wa biashara ya watumwa, watu wengi waliuzwa mbali na kwao. Mutu anaweza kugundua kama nkambo wake aliingia ukoo ule kwa njia hiyo. Habari kama hiyo isipigiwe kelele mbele ya watu.

Ya mwisho, tujiulize tunatafuta nini. Katika miaka ya 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa, na wengi wao walizaliwa hapa. Neno «asili» lilikuwa silaha. Lakini kambi za Union Minière zilipokea pia watu wa Rwanda, wa Burundi na wa Rhodesia ya Kaskazini. Mwenye kufuata bankambo wake kwa ukweli, upande wa baba na upande wa mama, mara nyingi atakuta njia zaidi ya moja zimefika katika nyumba yake. Tuandike zote, hata ile isiyotufurahisha, na kopi moja tuiache kule kijijini. Wale waliobaki nao wanangoja habari zetu.